Nani ameshika kipaza sauti? Funzo la Cyangugu kwa wanaoishi kwa mpaka

CYANGUGU, Rusizi – Mkazi wa Kamembe akizungusha kitufe cha redio asubuhi, anaweza kupita nchi tatu kabla chai haijapoa. Yapo matangazo ya Kinyarwanda ya shirika la utangazaji la taifa, RBA, pamoja na kituo chake cha hapa hapa Rusizi. Kipo Kiswahili kilichochanganyika na Kifaransa kutoka Bukavu, ng'ambo ya mto. Na akiteremka bonde la Bugarama kuelekea Ruhwa, Kirundi kinaingia bila kupiga hodi.

Kwa anayeishi kwa kuvuka daraja la Rusizi, wingi huo wa sauti ni zana ya kazi kama ilivyo mizani. Kabla hajafunga kikapu cha nyanya au trei za mayai za kupeleka Bukavu, mchuuzi anahitaji kujua mambo machache. Je, mpaka uko wazi, na hadi saa ngapi? Kuna ugonjwa uliotangazwa? Dola imepanda? Barabara ya Kamanyola inapitika? Akipewa jibu lisilo sahihi, redio haimlipi fidia. Nyanya ndizo zinazooza, na mtaji ni wake.

Ndiyo maana swali la nani anamiliki chombo cha habari, nani anakilipa na nani anaweza kukizima si la wasomi wa Kigali, Nairobi au Kinshasa peke yao. Linamhusu kila anayetegemea habari za watu wengine kupanga safari yake ya kesho. Na pembe hii ya Ziwa Kivu ina historia ya kutosha kulijibu.

Kampuni iliyouza hisa

Watu wengi wanaikumbuka RTLM kama redio ya chuki, na hukumu hiyo haina utata. Kinachosahaulika ni kwamba ilikuwa pia kampuni. Ilisajiliwa Aprili 1993, ikawa na waanzilishi 50, na hisa zake ziliuzwa kwa faranga 5,000 kila moja. Mwenye hisa mkubwa kuliko wote alikuwa Rais wa wakati huo, Juvénal Habyarimana. Mfanyabiashara tajiri Félicien Kabuga aliongoza kamati ya waanzilishi. Matangazo yalianza Julai 1993.

Kwa nini watu waliokuwa na dola mkononi waliona haja ya kufungua redio ya binafsi? Jibu liko katika mwaka uliotangulia. Machi 1992 Radio Rwanda ilitangaza habari ya uongo kwamba kuna njama ya kuwaua viongozi wa Kihutu. Mauaji ya Watutsi yakafuata Bugesera. Ferdinand Nahimana, aliyekuwa mkurugenzi wa ORINFOR, idara iliyosimamia Radio Rwanda, aliondolewa katika nafasi hiyo. Aprili mwaka huo huo serikali ya vyama vingi iliundwa, na chama cha Rais kikapoteza uwezo wa kuiamuru redio ya taifa peke yake.

Kundi la wenye msimamo mkali likatafuta njia ya pembeni. Kama redio ya serikali haiwezi tena kusema wanachotaka, waliona bora wawe na redio yao, yenye jina la kupendeza, yenye neno "huru" ndani yake, na yenye muziki ambao vijana walikuwa wakiutaka. Nahimana alikuwa miongoni mwa waliobuni mradi huo. Msikilizaji alikuja kwa ajili ya nyimbo na utani wa watangazaji. Siasa ilipenyezwa humo kidogo kidogo.

Baada ya Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, redio hiyo ilitaja watu kwa majina na kuhimiza walinzi wa vizuizi vya barabarani wasilegee. Mkoa wa Cyangugu wa enzi hizo haukuachwa. Watu waliokusanywa katika uwanja wa Kamarampaka, na waliokimbilia parokia za Mibirizi, Shangi na Nyamasheke, ni sehemu ya kumbukumbu ambayo kila familia ya hapa inaijua bila kusoma kitabu.

Mtafiti mmoja wa uchumi, David Yanagizawa-Drott, alilinganisha vijiji vilivyoinasa RTLM na vile ambavyo milima iliyazuia mawimbi yake. Katika makala yake ya 2014 alikadiria kwamba karibu asilimia 10 ya waliohusika na mauaji walisukumwa na matangazo hayo. Wasomi wengine wamepinga ukubwa wa makadirio hayo, wakisema amri za viongozi wa ngazi za chini na mikutano ya ana kwa ana ilikuwa na nguvu zaidi. Lakini hakuna anayesema redio haikuwa na kazi.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyokaa Arusha ilitoa hukumu ya kesi iliyopewa jina la "kesi ya vyombo vya habari" tarehe 3 Desemba 2003. Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa RTLM, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura, walitiwa hatiani. Katika rufaa ya Novemba 2007 baadhi ya makosa yalifutwa na vifungo vikapunguzwa hadi miaka 30, 32 na 35. Kabuga alikamatwa karibu na Paris Mei 2020, na mwaka 2023 majaji wakaona hali ya afya yake haimruhusu kuendelea na kesi.

Kwa mfanyabiashara, jambo la kushika hapo ni dogo lakini ni zito. Chombo cha binafsi si lazima kiwe huru. Kinaweza kuwa mkono wa kushoto wa watu wale wale ambao mkono wao wa kulia umefungwa.

Mbayuwayu wa Bukavu

Mwaka huo huo wa 1994, upande wa pili wa mto, jaribio la kinyume lilianza. Mamia ya maelfu ya watu walikuwa wamevuka kutoka Cyangugu kuingia Kivu Kusini. Kambini uvumi ulikuwa chakula cha kila siku: ukirudi utauawa, shamba lako limegawiwa, mpaka unafungwa kesho.

Agosti 1994 redio ndogo iitwayo Agatashya, jina la Kinyarwanda la ndege mbayuwayu, ilianza kurusha matangazo kutoka Bukavu. Iliasisiwa kwa msaada wa waandishi wa habari wa Uswisi na shirika la Waandishi wa Habari Wasio na Mipaka. Kutokana na kazi hiyo likazaliwa shirika la Fondation Hirondelle mwaka 1995. Redio hiyo ilitangaza mambo ya kawaida sana: maji yako wapi, chanjo ni lini, hali ikoje katika tarafa ulizotoka. Kwa mtu asiyejua kama arudi au abaki, hayo ndiyo yalikuwa makubwa.

London nako, BBC ilianzisha mwaka 1994 matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi, maarufu kwa jina la Gahuzamiryango, yaani kinachounganisha familia. Watu walitaja majina yao hewani ili ndugu wawasikie.

Agatashya ilinyamaza Oktoba 1996 vita vilipoingia Bukavu. Ilikuwa imeonyesha kwamba redio inaweza kuwa na manufaa mpakani bila kuwa ya chama wala ya tajiri. Ilionyesha pia udhaifu wa mpango huo: fedha zake zilitoka kwa wafadhili wa mbali, na haikuwa na mtu wa kuilinda bunduki zilipofika.

Matangazo ya Gahuza yenyewe yalikuja kuingia katika mvutano mwingine. Oktoba 2014, televisheni ya BBC ya Uingereza ilionyesha filamu kuhusu Rwanda ambayo serikali na mashirika ya manusura yaliilaani kuwa inakana mauaji ya kimbari. Mamlaka ya udhibiti, RURA, ilisimamisha matangazo ya Kinyarwanda ya BBC katika masafa ya FM mwezi huo huo, na usimamishaji huo ukawa wa muda usiojulikana mwaka 2015. BBC ilitetea filamu yake. Kwa Kigali lilikuwa suala la nchi iliyowahi kuona redio inafanya nini. Kwa msikilizaji wa Kamembe, uamuzi uliochukuliwa na wahariri wa London na jibu lililotolewa na wadhibiti wa Kigali vilikutana katika kisanduku kimoja: sauti aliyoizoea jioni haikuwepo tena katika masafa yake.

Tangu hapo Rwanda imekwenda kwa hatua za tahadhari. Baada ya RTLM ilichukua miaka kumi kabla redio ya binafsi kurudi hewani: sheria mpya ilipita 2002, na Radio 10 ikafungua njia 2004. Leo vituo ni vingi, RBA imechukua nafasi ya ORINFOR tangu 2013, na leseni za masafa bado zinatoka RURA.

Ng'ambo ya mto

Bukavu ina mila yake ya redio. Radio Maendeleo ilianza mwaka 1993 kama mradi wa mashirika ya kiraia, si wa chama. Ikawa sauti ya soko, ya mashamba, ya akina mama wa vikundi. Chini ya utawala wa waasi wa RCD-Goma ilifungwa zaidi ya mara moja kati ya 1999 na 2003, kwa sababu wale walioshika mji hawakupenda kilichosemwa.

Februari 2002 Umoja wa Mataifa na Fondation Hirondelle walianzisha Radio Okapi, redio ya kwanza kusikika Kongo nzima tangu nchi igawanywe na vita, kwa Kifaransa, Kiswahili, Kilingala, Kitshiluba na Kikongo. Ilikuwa kubwa kuliko redio zote za binafsi nchini, na ukubwa huo uliipa uwezo wa kusema kile ambacho vituo vidogo viliogopa. Haukuwalinda waandishi wake. Serge Maheshe, mhariri wa Okapi Bukavu, aliuawa kwa risasi tarehe 13 Juni 2007. Mwenzake Didace Namujimbo aliuawa katika mji huo huo tarehe 21 Novemba 2008.

Wafanyabiashara wa zamani wa daraja la Rusizi wanajua maana ya vifo hivyo kuliko takwimu yoyote. Mwandishi akiuawa, habari alizokuwa akizifuatilia hufa naye, na wanaobaki hujifunza ni mlango gani wasiubishe. Hakuna haja ya kuifunga redio ambayo imekwisha kujifunga yenyewe mdomo.

Kwa upande wa Burundi, funzo lilikuja kwa siku mbili. Mei 2015, wakati wa jaribio la mapinduzi, kituo cha Rema FM kilichojulikana kwa kukiunga mkono chama tawala kilivamiwa na waandamanaji. Kisha, usiku ule na kesho yake, vituo vikubwa vya binafsi, yaani Radio Publique Africaine, Bonesha FM, Isanganiro na Radio-Télévision Renaissance, vilishambuliwa na kuharibiwa. Ndani ya saa chache nchi nzima ikabaki na redio ya serikali tu.

Baadhi ya waandishi walikimbilia Rwanda na kuendelea kutangaza kwa njia ya intaneti wakiwa Kigali. Machi 2021, uhusiano wa nchi hizo mbili ulipoanza kupata nafuu, Rwanda iliwataka wasitishe matangazo hayo. Kilichoamua iwapo mtu wa Cibitoke atasikia sauti hiyo hakikuwa ukweli wa habari wala uzuri wa kipindi. Ilikuwa hali ya urafiki kati ya serikali mbili.

Makampuni makubwa ya kanda

Ukitoka Maziwa Makuu kwenda mashariki, sura inabadilika. Huko vyombo vingi vimo mikononi mwa makampuni yenye magazeti, redio, televisheni na mitandao kwa pamoja, na mengine yanauzwa katika masoko ya hisa.

Kenya ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Nation Media Group ilianzishwa na Aga Khan, na gazeti la Daily Nation likaanza kutoka 1960. Royal Media Services, yenye Citizen, ni ya mfanyabiashara S. K. Macharia. Standard Group kwa miaka mingi imehusishwa na familia ya Rais wa zamani Daniel arap Moi, na Mediamax imehusishwa na familia ya Kenyatta. Kwa maneno mengine, familia mbili zilizokaa Ikulu zimetajwa pia katika umiliki wa vyombo vinavyotakiwa kuihoji Ikulu.

Hata hivyo ukubwa hauishii katika upendeleo. Tarehe 30 Januari 2018, NTV, KTN na Citizen ziliponuia kuonyesha moja kwa moja kiapo cha Raila Odinga katika bustani ya Uhuru, serikali ilizizima zote tatu. Mahakama ikaamuru zirudishwe, na bado zilikaa gizani kwa siku kadhaa. Juni 2025, wakati wa maandamano ya vijana, mdhibiti aliagiza matangazo ya moja kwa moja yasitishwe, mitambo ikazimwa tena, na mahakama ikasimamisha agizo hilo. Kampuni kubwa ina wanasheria wa kukimbia mahakamani siku hiyo hiyo. Redio ya mtaa haina.

Uganda, serikali ndiyo mwenye hisa nyingi zaidi katika kampuni ya New Vision, huku Daily Monitor likiwa chini ya Nation. Mei 2013 polisi waliizingira ofisi ya Monitor kwa siku kumi kwa sababu ya barua ya jenerali mmoja iliyochapishwa. Lakini adhabu ya kimyakimya ilianza mapema: katika miaka ya 1990 serikali ililinyima gazeti hilo matangazo yake ya kulipia kwa miaka kadhaa.

Hapo ndipo penye siri ya biashara hii. Mauzo ya gazeti mtaani hayalipi mishahara. Matangazo ndiyo yanayolipa. Na katika nchi nyingi za kanda, watangazaji wakubwa ni serikali, makampuni ya simu, benki na viwanda vya bia. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na mhariri anaujua mkono uliojaa. Kenya iliunganisha matangazo yote ya serikali chini ya wakala mmoja mwaka 2015, na tangu hapo wamiliki wa vyombo wamelalamika mara kwa mara kuhusu madeni yasiyolipwa. Anayekudai hukubembeleza kidogo. Hivyo ndivyo mkopo unavyoweza kuwa lijamu.

Tanzania inatoa mifano ya pande zote. Januari 2015 ilizuia gazeti la kanda, The EastAfrican, kusambazwa nchini. Juni 2020 ilifuta leseni ya Tanzania Daima, gazeti la familia ya kiongozi wa upinzani Freeman Mbowe. Agosti 2021 likaja kubwa zaidi: Uhuru, gazeti la chama tawala chenyewe, lilichapisha habari kwamba Rais Samia Suluhu Hassan hana nia ya kugombea 2025. Chama kikalisimamisha gazeti lake, na serikali nayo ikasimamisha leseni yake kwa siku 14. Oktoba 2024 leseni ya mtandaoni ya Mwananchi, kampuni tanzu ya Nation, ilisimamishwa kwa siku 30 kwa ajili ya video ya katuni iliyogusa watu waliopotea.

Kila mmoja katika orodha hiyo alikuwa na mwenyewe: tajiri, familia, chama, au serikali. Na kila mmoja aligundua kwamba juu ya mwenye gazeti yuko mwenye leseni.

Mlango mpya mfukoni

Wapo wanaosema mjadala huu umepitwa na wakati kwa sababu habari sasa ziko kwenye simu. Kundi la WhatsApp la wachuuzi wa Kamembe linajua mzigo umekwama wapi kabla redio haijafungua taarifa ya habari. Ni kweli, na limeokoa mitaji mingi.

Lakini simu nayo ina wenyewe. WhatsApp na Facebook ni mali ya kampuni moja ya Marekani, Meta. Mitandao ya simu ni ya makampuni yanayohitaji leseni ya serikali kama redio zinavyohitaji. Baada ya uchaguzi wa Kongo wa tarehe 30 Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchini humo kwa takriban siku ishirini, na matangazo ya Radio France Internationale yakazimwa. Waliokuwa karibu na mpaka walitafuta laini za Rwanda ili wapate mtandao. Kwa siku hizo kadi ya simu ya Kamembe ilikuwa na thamani kubwa Bukavu kuliko gazeti lolote.

Tofauti nyingine ni kwamba redio ya zamani, hata ikiwa na upande, ina anwani. Sauti iliyotumwa kwenye kundi usiku haina mwenyewe. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, na mpakani uvumi haungoji kuja. Unapandisha bei ya maharage kabla jua halijachomoza.

Habari ikigombaniwa, hasara inakwenda wapi

Mfano wa wazi ulitokea tarehe 1 Agosti 2019 upande wa kaskazini wa ziwa. Ebola ilikuwa imefika Goma. Asubuhi, mpaka wa Gisenyi ulifungwa kwa watu. Ofisi ya Rais wa Kongo ikatoa taarifa kwamba Rwanda imefunga kwa uamuzi wake peke yake. Baadaye siku hiyo hiyo, Kigali ikasema mpaka uko wazi na kwamba kilichoongezwa ni ukaguzi. Vyombo vya kila upande vilibeba taarifa ya upande wake. Aliyesikia moja tu alibaki nyumbani na mboga zake, na aliyesikia nyingine tu alikwenda kusimama kwenye foleni.

Machi 2020 habari haikugombaniwa: COVID-19 ilifunga mipaka, mizigo mikubwa ikaruhusiwa, na mchuuzi wa kikapu akabaki nje ya hesabu. Januari 2024 Burundi ilitangaza kufunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda, na kituo cha pamoja cha Ruhwa kikakosa wasafiri. Mwezi Januari 2025, mdhibiti wa habari wa Kongo alisimamisha Al Jazeera kwa siku 90 baada ya kituo hicho kumhoji kiongozi wa M23. Februari Bukavu ikaingia mikononi mwa AFC/M23, benki zikafunga milango, na kila redio ya kanda ikawa na maneno yake ya kuita tukio lile lile: ukombozi, uvamizi, au mgogoro. Neno lililochaguliwa lilitosha kumwambia msikilizaji mwenye redio anakaa upande gani. Halikumwambia kama atapata fedha zake zilizoko benki.

Na ipo hasara nyingine isiyopigiwa kelele: habari ambazo hazitangazwi kabisa kwa sababu hazina wa kuzilipia. Kanuni za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinamruhusu mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za kanda zisizozidi dola 2,000 kutumia cheti cha asili kilichorahisishwa badala ya makaratasi mengi. Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya tarehe 8 Aprili 2022 na kuwa mwanachama kamili Julai mwaka huo. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi Rwanda tangu 2017. Mambo hayo yangeweza kupunguza gharama za maelfu ya watu, lakini dakika moja ya cheti cha asili hewani haina mdhamini, wakati dakika moja ya hotuba au ya bia inaye.

Ndiyo maana wanaovuka kila siku wamejitengenezea utaratibu wao, na ni utaratibu mzuri. Habari ya mpaka husikilizwa kwa pande mbili, si moja. Habari inayotoka ofisini huulizwa kwa mtu wa forodha au wa uhamiaji dirishani, kwa sababu yeye ndiye atakayegonga muhuri. Sauti isiyo na jina kwenye simu husubiri ya pili kabla mzigo haujafungwa. Na chombo hupimwa kwa ukimya wake pia: redio inayosema kila siku juu ya makosa ya nchi jirani na kamwe haioni kosa la mwenye kuilipa, imekwisha kujieleza. Akili za kuambiwa, changanya na zako.

Utaratibu huo wa mtu binafsi hautoshi, na Jumuiya inalijua hilo kwa maandishi. Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha, mji ule ule uliowahukumu wakuu wa RTLM, imetamka mara mbili kwamba uhuru wa habari ni sehemu ya utawala bora ambao nchi wanachama waliahidi katika mkataba. Machi 2019 iliona kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Vyombo vya Habari ya Tanzania ya 2016 vinakwenda kinyume na mkataba huo. Kabla ya hapo ilikuwa imetoa uamuzi unaofanana na huo kuhusu sheria ya habari ya Burundi, katika kesi iliyofunguliwa na chama cha waandishi wa nchi hiyo.

Uamuzi wa Burundi ulisomwa tarehe 15 Mei 2015. Redio za Bujumbura zilikuwa zimechomwa siku iliyotangulia, na hapakuwa na kituo hata kimoja cha binafsi kilichosalia hewani kuwaambia Warundi kwamba wameshinda kesi.